Pilipili za ukali wa kati: zipandwe na kupikwa kama mboga, si kama kiungo cha kuwasha tu

Kitalu Kidogo (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Mijadala mingi ya pilipili huishia kwenye swali moja tu: ipi ni kali zaidi? Ninaanzisha uzi huu kwa ajili ya kundi ambalo swali hilo halilihusu sana, yaani pilipili za ukali wa kati kama poblano, Fresno, jalapeño na serrano. Hoja yangu ni kwamba hizi ni mboga kwanza na kiungo baadaye. Zina nyama nene, zina utamu na harufu ya pekee, na ukali wake unaishia pale ambapo mtu bado anaweza kula tunda zima au nusu yake bila kupoteza ladha ya vitu vingine vilivyomo sahanini. Anayezitumia kwa kanuni za pilipili kali sana, kwa kutumbukiza moja katika sufuria na kuiopoa baadaye, hukosa sehemu kubwa ya uhondo wake.

Kwa kuwa kila mtu hupima ukali kwa ulimi wake, ni vema tukubaliane vipimo kabla hatujaanza kubishana. Kipimo cha Scoville kilibuniwa mwaka 1912 na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, ambaye aliwaonjesha watu dondoo ya pilipili iliyozimuliwa kwa maji ya sukari hadi ukali usisikike tena. Kadiri sukari na maji yalivyohitajika kwa wingi, ndivyo namba ilivyopanda. Siku hizi maabara hupima kapsaisini yenyewe, yaani kemikali inayoleta mwasho, kwa mashine, kisha matokeo hugeuzwa kuwa namba za Scoville. Poblano huwa kati ya 1,000 na 2,000, jalapeño kati ya 2,500 na 8,000, na serrano kati ya 10,000 na takriban 23,000. Cayenne huanzia 30,000, na habanero huanzia 100,000 na kupita 300,000. Mimi huweka "kati" kuanzia poblano hadi serrano. Atakayetaka kuusogeza mpaka huo, ausogeze kwa hoja.

Tuanze na kitalu. Mbegu ya pilipili ni ya polepole na hupenda joto. Udongo ukiwa na nyuzijoto 25 hadi 30 za Selsiasi, nyingi huchomoza ndani ya wiki moja hadi mbili. Ukiwa wa baridi chini ya 18, zinaweza kukaa humo karibu mwezi mzima au zikaoza. Zipandwe kwa kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, katika mchanganyiko mwepesi usiotuamisha maji, kwa sababu kinyausi, ugonjwa unaokata mche usawa wa udongo ukiwa bado una majani mawili, hustawi pale penye unyevu mwingi na hewa iliyotulia. Miche ikishachomoza, mwanga ni muhimu kuliko joto. Mche uliorefuka ukiutafuta mwanga wa dirisha la mbali hautanenepa tena vizuri hata ukihamishiwa mahali pazuri.

Ukiwa na majani halisi manne hadi sita, mche uko tayari kuhamishwa, lakini uzoeshwe jua na upepo kwa siku 7 hadi 10, mwanzoni kwa saa chache na mwishowe kutwa nzima. Bila hivyo majani huungua na kubaki na mabaka meupe. Jalapeño na serrano hutosheka na chungu cha lita 10 hadi 15. Poblano hurefuka zaidi, kwa hiyo ipewe lita 20, au sentimita 60 kutoka shina hadi shina ikiwa ardhini, na kijiti cha kuegemea kabla matunda hayajaanza kuvunja matawi. Zisipandwe mwaka baada ya mwaka pale palipokuwa na nyanya, bilinganya au viazi, kwa sababu wote hao ni ukoo mmoja na huambukizana maradhi.

Katika picha nyingi za pilipili zisizozaa, naona jambo lile lile: mmea mrefu, majani mapana ya kijani kilichokolea, na hakuna tunda hata moja. Hiyo ni naitrojeni iliyozidi. Mboji iliyoiva na mbolea yenye uwiano sawa hutosha wakati wa kukua. Maua yakianza, naitrojeni ipunguzwe na potasiamu ipewe nafasi. Kuhusu maji, kinachotakiwa ni utaratibu kuliko wingi. Udongo unaoachwa ukauke kabisa kisha ukafurikishwa huzuia kalsiamu kufika kwenye tunda, na matokeo yake ni kuoza kitako: doa laini la majimaji kwenye ncha ya tunda, ambalo baadaye hukauka na kuwa jeusi. Wengi hukimbilia chokaa, ilhali udongo wao una kalsiamu ya kutosha na kinachokosekana ni maji yanayofika kwa mpangilio. Matandazo ya majani makavu yenye unene wa sentimita 5 huondoa shida hii mara nyingi kabla haijaanza.

Sasa tufike kwenye ukali wenyewe. Chukua jalapeño iliyokomaa, ipasue kwa urefu, kisha uitazame penye mwanga mzuri. Katikati kuna utando mweupe ulioshikilia mbegu, na juu ya utando huo, hasa upande wa kikonyo, utaona vitone vidogo vya manjano vinavyong'aa. Hayo ni mafuta yaliyobeba kapsaisini. Mbegu hazitengenezi kapsaisini, bali zinawasha kwa sababu zimegusana na utando. Na nyama ya nje ina kiasi kidogo tu. Maana yake ni kwamba mpishi wa pilipili hizi ana uwezo mkubwa wa kupanga ukali kwa ncha ya kisu: kubakiza utando wote, kubakiza nusu, au kuukwangua wote na kubaki na mboga tamu yenye mwasho wa mbali. Mimi hukata ncha ya chini kwanza na kuionja. Ncha huwa pole kuliko upande wa kikonyo, kwa hiyo ikiwasha waziwazi, utando wa juu unatoka bila majadiliano.

Jambo la pili linaloamua ladha ni wakati wa kuchuma, na hapa ndipo anayepanda nyumbani anampita mnunuzi. Jalapeño huwa tayari kuchumwa ikiwa ya kijani siku 70 hadi 85 hivi baada ya kuhamishwa kwa mche, na huhitaji wiki mbili hadi nne zaidi ili iwe nyekundu. Kapsaisini huanza kujikusanya takriban siku 20 baada ya ua kuchanua, hufika kileleni kati ya siku ya 40 na ya 50, kisha hutulia au hupungua kidogo, wakati sukari, vitamini C na rangi zinaendelea kupanda. Kwa hiyo tunda jekundu si lazima liwe kali kuliko la kijani lililokomaa, ila ni tamu zaidi, na utamu huo hubadilisha namna ukali unavyosikika. Tunda changa, jepesi, la kijani cha kung'aa, ndilo lisilo na faida: ukali wake haujafika na utamu bado.

Mistari midogo ya rangi ya kahawia juu ya ganda la jalapeño isiwatishe watu. Nyama ilikua haraka kuliko ganda, ganda likapasuka na kujiziba. Vilevile madoa meusi au ya zambarau begani mwa tunda la kijani hutokana na jua kali, na tunda linaliwa kama kawaida.

Jikoni, poblano ndiyo ya kuanzia, kwa sababu haikubali uvivu. Ganda lake ni gumu na halimumunyiki, hivyo lazima libabuliwe. Iweke moja kwa moja juu ya moto wa gesi au makaa, au chini ya moto wa juu wa oveni, ukiigeuza kwa koleo hadi ganda liwe jeusi na kuvimba malengelenge pande zote, kwa dakika 5 hadi 10. Utasikia ganda likipasuka kwa milio midogo, na harufu itahama kutoka ya jani bichi hadi ya moshi wenye utamu. Itie katika bakuli na uifunike kwa dakika 10 hadi 15 ili mvuke uachanishe ganda na nyama, kisha lisugue kwa vidole. Usiioshe bombani, kwa maana maji yataondoka na ganda na utomvu pamoja. Vipande vichache vyeusi vikibaki havina ubaya. Baada ya hapo unaweza kuichana ubavu na kuijaza jibini, nafaka iliyopikwa au nyama ya kusaga, au kuikata vipande virefu na kuikaanga na vitunguu hadi vitunguu vianze kugeuka rangi, kisha kumalizia kwa krimu kidogo. Chakula hicho ni cha kula kwa uma, na pilipili ndiyo iliyojaa sahanini.

Jalapeño na serrano zina kanuni nyingine. Kapsaisini huyeyuka katika mafuta na pombe, si katika maji, na haiharibiki kwa moto wa kawaida wa mapishi. Ukiikaanga pilipili katika mafuta mwanzoni, ukali husambaa chakula kizima kwa usawa. Ukiitia mbichi mwishoni, ukali hubaki katika vipande vyake na kila tonge huwa na habari yake. Njia zote mbili ni nzuri, ila mtu achague kwa makusudi.

Karibuni tuchangie.

Jiko la Nyuma

Mkuu Kitalu Kidogo, nashukuru kwa uzi wenye mwili. Nina neno moja juu ya mbegu. Miaka yote nimeondoa mbegu na ukali umepungua waziwazi, sasa wasema mbegu si kali. Je, ulimi wangu unanidanganya?

Kitalu Kidogo

Ulimi wako uko sawa, ndugu. Anayeondoa mbegu kwa kijiko huondoka na utando wake, kwa kuwa mbegu zimeushikilia. Ukitaka kuona tofauti, ondoa mbegu peke yake kwa ncha ya kisu huku ukiuacha utando mzima, uonje. Kisha fanya kinyume chake katika tunda lingine la mmea huo huo. Kuna faida ya ziada ya kuondoa mbegu hata hivyo: hazina ladha ya maana, na katika sosi iliyosagwa huleta uchungu kidogo na chembechembe mdomoni.

Bustani ya Dirishani

Salaam wote. Jalapeño zangu za msimu huu hazina ukali hata kidogo. Mmea una afya, matunda ni makubwa, ganda ni laini bila mstari hata mmoja, lakini nikizila ni sawa na kula pilipili hoho. Natafuta kujua nimezikosesha nini.

Kitalu Kidogo

Dada, huenda hukuzikosesha kitu. Labda umezidisha ukarimu. Nakuorodheshea yale ambayo ningeyachunguza, kwa uzito wake.

La kwanza ni mbegu, kwa kuwa ukali kwanza ni urithi. Chuo Kikuu cha Texas A&M kilitoa jalapeño pole mwanzoni mwa miaka ya 1980, inayojulikana kama TAM, na tangu hapo pamekuwepo aina nyingi zilizochaguliwa kwa ukubwa, unyoofu na upole. Pakiti iliyoandikwa "jalapeño" bila jina la aina haikuahidi ukali wowote. Kama mbegu yako ni ya ukoo huo, hakuna namna ya kuulea mmea ukawa mkali.

La pili ni maji. Mmea unaopata shida kidogo ya maji wakati wa kukomaza matunda huelekea kutengeneza kapsaisini zaidi. Ganda laini lisilo na mistari, na matunda makubwa, ni dalili ya mmea uliokua kwa raha. Matunda yakishafikia ukubwa wake, acha udongo ukauke hadi kina cha kidole kizima na majani yaanze kulegea kidogo mchana ndipo umwagilie tena. Usifanye hivyo wakati wa maua au tunda likiwa dogo, kwa sababu utapata kuoza kitako badala ya ukali.

La tatu ni umri wa tunda. Ukubwa hutangulia ukali, hivyo tunda linaweza kuonekana limekomaa siku nyingi kabla ya ukali kufika. Yaache machache hadi yaive mekundu, halafu ulinganishe. Ikiwa na hayo mekundu ni pole vilevile, basi jibu ni lile la kwanza, na matunda ya mmea huo uyafaidi kwa kuyajaza jibini.

Jani Bichi

Naomba kutofautiana kidogo na mwanzisha uzi, kwa heshima. Ameisifia pilipili nyekundu kiasi kwamba msomaji mgeni ataona ya kijani ni tunda lililochumwa kwa pupa. Mimi naona ni viungo viwili tofauti. Ile harufu kali ya jani na mboga mbichi inayopatikana katika jalapeño na serrano za kijani hutokana na kemikali za kundi la pirazini, ambazo hupungua tunda linapoiva. Kwa sosi mbichi yenye ndimu, kitunguu na majani ya giligilani, harufu hiyo ndiyo inayotafutwa. Ukiweka nyekundu, sosi inakuwa tamu na nzito, na ndimu inaonekana kugombana nayo. Nyekundu naipeleka kwenye moto, kwenye kuchachushwa na kwenye moshi. Hata chipotle, ambayo ni jalapeño iliyokaushwa kwa moshi, hutengenezwa kwa tunda lililoiva, na sababu yake ni utamu huo huo.

Kitalu Kidogo

Kwa sosi mbichi nakubaliana nawe bila sharti. Bado kwa kupika nashikilia nyekundu, isipokuwa poblano, ambayo ya kijani ikibabuliwa sijaona kinachoishinda. Ikikaushwa ikiwa imeiva huitwa ancho, na ni kitu kingine kabisa: ukali mdogo, na ladha inayokaribia ya zabibu kavu.

Zamu ya Jioni

Mnisaidie. Maua yangu yanachanua vizuri, yanakaa kidogo, halafu yanadondoka na kikonyo chake. Sijaona mdudu.

Jani Bichi

Angalia joto kwanza. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 35, au usiku ukibaki juu ya 24 au kushuka chini ya 13 hivi, pilipili nyingi huangusha maua kwa kuwa chavua inaharibika au haifanyi kazi. Kivuli chepesi wakati wa jua la mchana husaidia. Mmea hautupi maua kwa ukaidi. Hali ya hewa ikirudi, utashika tena. Kama mmea uko ndani ya nyumba pasipo na upepo wala nyuki, utikise taratibu saa za asubuhi maua yakiwa wazi. Ua la pilipili hujichavusha lenyewe, ila linahitaji mtikisiko.

Kuhusu wadudu, pindua majani ya juu. Vidukari hukaa chini ya jani jipya. Utitiri huacha nukta nyeupe nyingi na utando mwembamba mno. Thripsi huweza kujificha ndani ya ua lenyewe, kwa hiyo likung'ute juu ya karatasi nyeupe uone kama kuna vinavyotembea. Maji ya nguvu chini ya majani, na baadaye sabuni laini iliyozimuliwa jioni, hutosha kwa mimea michache ya nyumbani. Na kama kuna mvutaji wa sigara, anawe mikono kabla ya kugusa miche, kwa sababu virusi vya batobato ya tumbaku huweza kuhamia kwenye pilipili kupitia vidole.

Jiko la Nyuma

Nimerudi na swali la jikoni. Sosi nikiionja ikiwa inachemka naona kali mno, naongeza nyanya. Ikifika mezani imekuwa pole. Nani ananichezea?

Kitalu Kidogo

Anayekuchezea ni mshipa wako wa fahamu. Kapsaisini hufungua kipokezi kinachoitwa TRPV1, ambacho ndicho hicho hicho huitikia joto linalozidi nyuzi 43 hivi. Kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, ambaye mwaka 2021 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Sosi ya moto huleta vitu viwili kwenye mlango mmoja, kwa hiyo ukali huonekana kuzidi. Chota kijiko, ukiache kipoe hadi kiwe vuguvugu, ndipo uonje na kuamua. Na ukishazidisha kweli, ongeza kitu chenye mafuta au maziwa badala ya maji. Protini ya maziwa iitwayo kaseini hushika kapsaisini na kuiondoa ulimini, wakati maji huisambaza tu.

Kapu la Mavuno

Mavuno yamenizidi. Nilikuwa nafikiria kuzibabua zote, kuzitia katika chupa na kitunguu saumu, kisha kuzijaza mafuta na kuziweka kabatini. Zitakaa muda gani?

Chumvi na Siki

Ndugu yangu, hiyo usiifanye kabisa. Pilipili na kitunguu saumu vina asidi ndogo, na mafuta huzuia hewa. Katika hali hiyo, kwenye joto la kawaida la nyumba, bakteria Clostridium botulinum huweza kukua na kutengeneza sumu ya kuua isiyo na harufu wala ladha. Ukipenda pilipili ndani ya mafuta, tengeneza kidogo, weka kwenye friji, na uimalize ndani ya siku 4.

Kwa mavuno mengi kuna njia salama zaidi. Rahisi kuliko zote ni friza: zioshe, zikaushe vizuri, zigandishe nzima au zikiwa zimekatwa, hata bila kuzichovya kwenye maji ya moto kwanza. Zikiyeyuka hulegea, kwa hiyo ziwe za kupikia. Zilizobabuliwa zigandishe na ganda lake, nalo litatoka lenyewe zikiyeyuka.

Siki ni njia ya pili. Kata jalapeño mviringo, mimina mchanganyiko wa moto wa siki ya asidi ya asilimia 5 na maji kwa kiasi sawa, pamoja na chumvi na sukari kwa kupenda kwako. Ukiiweka kwenye friji italiwa kwa wiki kadhaa ikiwa bado inakatika kwa meno. Usipunguze siki kwa sababu ya kupenda upole. Kama siki inakukera, ongeza sukari.

Ninayoipenda mimi ni kuchachusha. Saga pilipili nyekundu kwa ukwaruzo, pima uzito wake, ongeza chumvi ya asilimia 2 hadi 3 ya uzito huo, yaani gramu 20 hadi 30 kwa kila kilo, isiyo na iodini ukiipata. Ishindilie katika chupa ya kioo hadi utomvu uifunike, acha nafasi juu, na kifuniko kilegezwe ili gesi itoke. Katika nyuzi 18 hadi 24 itaanza kutoa mapovu baada ya siku chache, na baada ya wiki moja hadi tatu itakuwa na uchachu mzuri. Karatasi za kupima pH, yaani kiwango cha uchachu, zinafaa sana hapa; namba ikishuka, uchachu umepanda. Ikifika chini ya 4 natulia, na chini ya 4.6 ndio mpaka ambao bakteria yule niliyemtaja hawezi kukua. Ukiona ukungu wenye manyoya na rangi, tupa yote. Kisha isage tena na siki kidogo, ichuje, na uiweke kwenye friji.

Jambo jingine: vaa glavu. Mtu anaweza kukata jalapeño mbili tatu kwa mikono mitupu na asione kitu. Akifika kilo tatu, vidole vitawaka usiku kucha. Ikishatokea, paka mafuta ya kupikia kwanza, yafute, ndipo unawe kwa sabuni. Na macho yasiguswe hata baada ya hapo.

Kapu la Mavuno

Nimekuelewa, ahsante sana. Mafuta nimeyarudisha mahali pake. Kuzianika je?

Jani Bichi

Inategemea unene wa nyama. Cayenne na nyingine zenye ukuta mwembamba hukauka zikiwa nzima mahali penye hewa. Jalapeño nzima itaoza ndani kabla ya kukauka, kwa hiyo ipasue na utumie kikaushio au oveni ya nyuzi 55 hadi 60, mlango ukiwa wazi kidogo, hadi kipande kivunjike badala ya kupinda. Poblano iliyoiva hukaushwa hadi iwe kama ngozi laini, lakini isiwe na sehemu yenye unyevu.

Kuzitumia nako kuna adabu yake. Toa kikonyo na mbegu, ikandamize juu ya kikaango kikavu chenye moto wa wastani kwa sekunde 15 hadi 30 kila upande, hadi harufu ipande. Ikitoa moshi umechelewa, na uchungu wake hauondoki kwa sukari wala kwa maombi. Iloweke katika maji ya moto kwa dakika 20 hadi 30, onja maji yale na uyamwage kama ni machungu, saga, chuja, kisha ukaange rojo hiyo katika mafuta hadi rangi ikolee na mafuta yaanze kujitenga. Ukiiruka hatua hiyo ya mwisho, sosi hubaki na ladha ya ubichi.

Bustani ya Dirishani

La mwisho kwangu. Nina jalapeño pole, na jirani ameniahidi mche wa serrano. Nikiziweka karibu, serrano itazifanya jalapeño zangu kuwa kali?

Kitalu Kidogo

Matunda ya msimu huu hayatabadilika, kwa sababu nyama na utando vyote hufuata mmea mama. Kinachoweza kubadilika ni mbegu zilizomo ndani yake: nyuki akihamisha chavua, mimea utakayoipata mwaka ujao inaweza kuwa chotara yenye umbo na ukali usiotabirika. Pia kama mmea wako wa sasa ulitokana na mbegu za F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, watoto wake hawatafanana naye hata ukiutenga peke yake.

Ukitaka mbegu safi, chagua tawi lenye vitumba ambavyo havijafunguka, livalishe mfuko wa wavu mwembamba, na ulitikise kila asubuhi hadi maua yashike. Tunda likionekana, vua mfuko na ufunge kamba ya rangi kwenye kikonyo chake ili usilichume pamoja na mengine. Liache liive kabisa hadi lianze kunywea, toa mbegu, zianike kivulini kwa wiki moja, kisha uzihifadhi mahali pakavu penye ubaridi ukiandika aina na mwaka. Zikitunzwa hivyo, nyingi bado zitaota baada ya miaka 2 hadi 3. Mmea wenyewe usiung'oe mapema: pilipili huishi miaka kadhaa pasipo na baridi kali, na ukiupunguza matawi na kuuweka penye mwanga, msimu wa pili hutangulia kuzaa kuliko miche mipya.